Gharama za Kusaidiwa Nisipoomba

Yotamu Mwasomola,
Kitongoji cha Mbogela,
Kata ya Ndandalo,
Kyela.

Jumanne, 6 Mei 2025

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji.

YAH: MALALAMIKO JUU YA HASARA NINAZOPATA KWA KUSAIDIWA

Ndugu Ezekiel,

Kichwa cha barua hapo juu kimeshasema nusu ya shida yangu. Nusu iliyobaki ni ndefu kidogo, kwa hiyo naomba ukae chini kabla ya kuendelea, na kama kuna chai mezani uimalize kwanza.

Unanijua. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia kakao kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda wote huo hakuna mkulima aliyesema nimempunja, isipokuwa shemeji yako mmoja, naye gunia lake lilikuwa na mawe. Miaka saba iliyopita presha ya macho ilinichukulia jicho la kulia, na kabla sijamaliza kulisikitikia ikachukua na la kushoto. Miaka mitatu iliyopita nikampoteza mke wangu Angetile, mama Lugano, ambaye wewe mwenyewe ulisimamia mazishi yake. Tangu hapo naishi peke yangu katika nyumba yangu, na ndivyo ninavyotaka kuendelea kuishi.

Kuishi peke yako huku huoni kuna gharama, na hizo sizilalamikii. Fimbo nyeupe inaliwa ncha na changarawe, kila mwaka nanunua mpya, na hapa kwetu haipatikani, mpaka niagize Mbeya. Simu inayonisomea maandishi kwa sauti ni ghali kuliko ile ya kawaida, na bando likiisha inanyamaza katikati ya sentensi. Mwenye macho akitaka kujua bei ya sukari anatupa jicho dukani, bure. Mimi nampigia simu mwenye duka. Mvua ikinyesha mwenye macho anaruka dimbwi. Mimi nalipa bodaboda, kwa sababu matope yamefuta kila alama ninayoijua kwa unyayo. Nimepiga hesabu ya kikarani. Katika kila shilingi elfu kumi ninazopata kwenye mikakao yangu, elfu tatu zinakwenda kwenye kutokuona. Sawa. Ni kodi ya ugonjwa, nailipa, na risiti sidai.

Ninacholalamikia ni gharama nyingine, ambayo haitokani na mimi kutoona. Inatokana na ninyi kuona.

Nakuandikia sasa hivi, wala si mwezi ujao, kwa sababu Jumapili hii baada ya ibada ukoo utakaa barazani kwangu, nawe umealikwa, kuamua kama nihamishwe kwenda Kyela mjini kwa dada yangu Elizabeth na nyumba yangu ifungwe kufuli. Sitaki kuhamishwa. Nataka hilo ulijue mapema, ili hasara zifuatazo uzisome ukiwa na akili hiyo.

1. Kuvushwa barabara

Kila Jumamosi nasimama kando ya barabara kuu, upande wa mashine ya kukoboa mpunga, nikimsubiri Aliko wa bodaboda anipeleke sokoni. Nachagua pale kwa sababu ngurumo ya mashine ndiyo kibao changu. Kusimama kwangu, Ndugu Mwenyekiti, ni kusimama. Si kuomba kuvushwa. Lakini haupiti muda, mtu mwema hunikamata kiwiko bila hata salamu, na kabla sijafungua mdomo niko ng'ambo, ananiambia Mungu anibariki, na ameshaondoka. Nabaki ng'ambo nimekunja uso. Mtu mwema wa pili anauona uso huo, anaelewa kwamba mzee anataka kuvuka, ananirudisha.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka nilivushwa mara nne. Nne ni namba shufwa, kwa hiyo niliishia nilipoanzia, na ningeshukuru, ila Aliko alipita wakati nipo kwenye safari ya tatu, hakuniona, akaenda zake. Nililipa pikipiki nyingine, kwa bei ya sikukuu.

Mwezi wa pili mama mmoja mwenye huruma alinipakia kwenye gari na kumwambia dereva kwamba mzee huyu anakwenda Katumba Songwe. Nilikuwa nakwenda kununua chumvi. Niliposhuka nilisikia Mto Songwe unavyokwenda, na ng'ambo ya pale ni Malawi, ambako nisingekuwa na karatasi hata moja ya kujieleza. Nauli ya kwenda nililipa mimi. Ya kurudi pia.

2. Mtihani

Mtu ananishika mkono. Haniachii. Anabadilisha sauti kidogo, anauliza, "Umenijua mimi ni nani?" kisha anangoja huku wenzake wanacheka kwa chini. Nimeshafanya mitihani mingi maishani, lakini ile ya shule ilikuwa na ratiba. Huu naupata sokoni, msibani, chooni kanisani, na mara moja nikiwa nimejaza mdomo wali.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nimemwita mzee wa kanisa kwa jina la muuza mbuzi, na mzee wa kanisa hajanisalimia tena mpaka leo, jambo ambalo limemwondoa kwenye orodha ya watahini, kwa hiyo si hasara tupu. Lakini ninasikitika kukumbusha kwamba wewe mwenyewe, Ndugu Mwenyekiti, umenitahini mara tatu tangu Pasaka. Zote nimefaulu, kwa sababu ya kikohozi chako. Kitibiwe.

3. Kusemewa

Nikiingia kwa mama lishe na Aliko, mama lishe hamuulizi mwenye tumbo. Anamuuliza Aliko kama mzee anakula pilipili. Aliko, ambaye ni kijana mwenye adabu, anajibu. Hivi ndivyo nilivyokula mbasa wiki nne mfululizo, samaki mzuri wa ziwa letu, sina ugomvi naye, ila niliyekuwa namtamani ni maharage. Aliko ndiye anayependa mbasa. Alikuwa akimalizia wangu.

Kwa wakala wa pesa za simu ni afadhali nisieleze, lakini nitaeleza. Binti pale ananihurumia kweli. Anaona nachelewa kubonyeza, anasema mzee nitajie namba ya siri nikusaidie. Nikikataa anasikitika, na foleni yote inasikitika pamoja naye. Siku moja nililegea nikamnong'oneza, naye akairudia kwa sauti kubwa ili ahakikishe hajakosea. Nimeibadilisha mara tano mwaka huu. Wiki iliyopita nilibonyeza mwenyewe, nikakosea, na mtu wa tatu kwenye foleni akanisahihisha kwa heshima zote.

4. Muujiza

Sina neno baya juu ya maombi, naomba kila siku. Lakini Ndugu Jubilate, mwinjilisti wa kikundi cha sala kinachokutana karibu na kwangu, aliniwekea mikono machoni mwezi wa tatu, akaomba saa nzima na robo, kisha akanyoosha vidole na kuuliza viko vingapi. Nilikuwa na njaa. Nikasema vitatu. Vilikuwa vitatu.

Unakumbuka yaliyofuata. Nilisimamishwa mbele ya watu kuwa ushuhuda. Nilitoa jogoo wa shukrani kwa muujiza ambao sikuupata, kwa sababu kila aliyenipongeza aliuliza nitatoa nini. Kwa wiki mbili hakuna aliyeniambia penye shimo, maana naona. Nililiingia moja, lile la bomba nyuma ya zahanati. Nilipojieleza kwa Ndugu Jubilate alisema imani yangu ndiyo iliyopungua. Jogoo hakurudishwa.

5. Mtu asiyekuwepo

Hili ndilo linaloniumiza, nami nalileta kwako kwa staha kwa sababu linamhusu mkamwana wangu Tuntufye, mke wa mwanangu Lugano. Nyumba yao iko hatua tisini kutoka kwangu, ukikatisha migombani.

Desturi yetu unaijua. Mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami, hasemi naye. Wakikutana njiani yeye hupinda kwenye migomba mpaka mzee apite. Wazazi wetu waliiita ukutila. Siku hizi wengi wameiacha, hasa waliokwenda mjini, lakini Tuntufye alilelewa na bibi yake kule Makwale na ameishika barabara. Ni mke wa mwanangu kwa miaka sita, na sauti yake sijawahi kuisikia. Mama Lugano alipokuwa hai hakukuwa na shida, wao walimalizana jikoni na mimi nilikaa barazani na redio yangu.

Alipofariki, ndipo Tuntufye alipopata hoja. Hoja yenyewe, kama Lugano alivyonieleza, ni hii: desturi inakataza baba mkwe na mkamwana kuonana. Baba haoni. Basi yeye akiingia kimya, akafagia, akajaza maji, akapanga vitu na kutoka kimya, hakuna kilichovunjwa. Nakiri kwamba nilipoisikia mara ya kwanza niliona binti huyu angefaa kuwa wakili.

Matokeo yake ni kwamba nyumbani kwangu anaishi mtu ambaye hayupo. Natoka kwenda chooni, narudi, kigoda kimehama. Nimeshakaa hewani mara mbili. Chumvi ninayoiacha kulia kwa jiko naikuta kabatini, na majani ya chai yamechukua nafasi yake. Maharage ya siku hiyo nilikula, kwa sababu sipendi kutupa chakula. Wali niliuunguza siku sufuria ilipofunikwa kwa mfuniko usio wake, mkono nao ukaungua. Na mtungi alioununua mama Lugano kwa wafinyanzi wa Kikisi kule ziwani, akaubeba mwenyewe kichwani kutoka stendi kwa sababu hakumwamini mtu yeyote, ulihamishiwa nyuma ya mlango. Ni mahali pazuri sana pa kuweka mtungi, kwa mtu anayeona mlango unakokwenda. Niliusukuma mlango. Vipande vyake niliviokota mwenyewe kwa vidole, na sikuona aibu kulia.

Nimejaribu kuzungumza naye. Najua akiwemo, kwa sababu yeye ndiye anayevundika kakao yao, na harufu ya kakao iliyochachuka haifuati desturi ya mtu. Nasema, "Tuntufye, mwanangu, rudisha kigoda." Kimya. Akijibu amevunja mila. Asipojibu mimi ni mzee anayezungumza na ukuta, na hivyo ndivyo dada yangu Elizabeth alivyonikuta mwezi uliopita alipokuja bila taarifa: naukemea ukuta juu ya chumvi, Tuntufye ameshatokea mlango wa nyuma.

Naomba uamuzi wako, Ndugu Mwenyekiti. Desturi hii ni ya macho au ya miili? Kama ni ya macho, basi kwangu imekwisha miaka saba iliyopita, na Tuntufye aingie aseme na mimi kama watu wengine wanavyosema. Kama ni ya miili, basi anaivunja kila asubuhi, tena na ufagio mkononi. Achague moja.

6. Nyumba ya vigae

Elizabeth ni dada yangu mkubwa, alinibeba mgongoni, na akinituma mpaka leo naitika. Baada ya siku ile ya ukuta alikaa na daftari. Aliandika kwamba nimeanguka mara mbili, nimeungua mara moja, na akili imeanza kuniaga. Hakuuliza kigoda kilikuwa wapi. Akaniambia nyumbani kwake sakafu ni ya vigae, choo kiko ndani, kuna binti wa kazi na televisheni. Nilimwambia kwamba televisheni kwangu ni redio isiyojieleza. Akanipapasa bega, akasema:

"Mdogo wangu, kwangu hutagusa kitu chochote."

Aliyasema kwa upendo, na tangu daktari aliponiambia macho hayatarudi sijasikia maneno yaliyonitisha kama hayo.

Hapa kwangu kutoka kitandani hadi jikoni ni hatua saba. Mikakao yangu naipogoa mwenyewe kwa kupapasa, na maganda yaliyoiva nayajua kwa kuyagonga kwa kucha. Napika, nafua, naandika barua hii kwa simu yangu, herufi moja moja, na nikimaliza Aliko ataipeleka kuchapwa. Kwa Elizabeth nitakuwa kipofu. Hapa mimi ni Yotamu, ambaye haoni. Hiyo ndiyo tofauti, na naogopa kuipoteza, Ndugu Mwenyekiti. Naogopa kweli.

Baada ya maelezo hayo, na kwa kuwa chanzo cha yote ni msaada, naomba kitongoji kichukue hatua zifuatazo:

(a) Kila anayetaka kunisaidia awe na kibali. Kibali kitolewe na ofisi yako baada ya mtihani, ambao maswali yake nitatunga mimi.

(b) Mtihani wenyewe ufanyike hivi: mwombaji afungwe kitambaa machoni, apewe ndoo ya maji, atoke jikoni kwake hadi chooni na kurudi. Wakati akiwa njiani, ndugu zake wahamishe viti kwa nia njema.

(c) Mwenye kibali, akifika hatua tatu kutoka nilipo, ataje jina lake, la baba yake, na anachotaka. Atakayeuliza yeye ni nani atajibiwa kwamba hajulikani, na atachukuliwa kuwa mgeni asiyeandikishwa, hata akiwa kiongozi.

(d) Atakayehamisha kitu nyumbani kwangu afungwe kitambaa hadi mimi nitakapokipata kitu hicho. Kuna kisu cha kupogolea nakitafuta tangu Krismasi, kwa hiyo adhabu hii si ndogo.

(e) Tuntufye apigwe marufuku rasmi kuingia kwangu. Kamba ya mgomba ifungwe kati ya nyumba mbili, nawe uikague.

(f) Kwa muda wa mwaka mmoja kuanzia Jumapili, mtu yeyote wa kitongoji hiki asinisaidie kwa jambo lolote. Nasema lolote. Nikienda kombo nisielekezwe. Nikianguka, nianguke. Mwaka ukiisha nikiwa nimesimama, Elizabeth afute daftari lake mbele ya ukoo, na suala la kunihamisha lisifufuliwe tena mpaka siku ya mazishi yangu, ambapo msaada wa kubebwa nitaupokea.

Naamini utaona kwamba madai haya ni ya haki na hayana gharama kwa serikali ya kijiji. Kwa uthibitisho kwamba simhitaji mtu, barua hii nitakuletea mwenyewe, kwa miguu, peke yangu, kama ninavyokwenda kila mahali tangu nibaki mjane.

Nisalimie mama watoto, wajukuu wote, balozi wetu, wazee wa baraza, na shemeji yako wa gunia, mwambie sina kinyongo. Salamu pia kwa mashine ya mpunga, ambayo haijawahi kunivusha.

Ndaga fijo, asante sana.

Wako katika kusimama mwenyewe,

Yotamu Mwasomola
(Karani wa mizani, mstaafu)

NYONGEZA, Alhamisi, 8 Mei

Ndugu Ezekiel,

Karatasi hii anaiandika Lugano kwa mkono, mimi nikimtajia. Makosa ya herufi ni yake. Makosa ya hoja, kuanzia ukurasa wa kwanza, ni yangu.

Jana asubuhi nilitoka kukuletea barua. Usiku mvua ilikuwa imepiga mpaka alfajiri, lakini nilikuwa nimesema nitakuja peke yangu, na nikishaandika kitu nakitekeleza. Kutoka mlangoni kwangu hadi daraja la miti, lile la kijito chetu, ni hatua mia mbili na kumi na nne. Nilikwenda nikihesabu, bahasha ipo mfukoni, na sitakuficha kwamba nilikuwa najisikia sana. Maji yalikuwa yanaunguruma kiasi cha kufunika sauti zote. Nilipofika mia mbili na tisa, nyuma yangu, karibu kabisa, sauti ya mwanamke ambayo sijawahi kuisikia maishani iliniita baba kwa lugha yetu:

"Tata, simama hapo hapo. Daraja limekwenda na maji."

Nilisimama. Nilinyoosha fimbo mbele, nikapiga hatua ndogo nikishika ardhi kwa vidole vya mguu, nikanyoosha tena. Fimbo haikugusa kitu. Nilikaa chini palepale kwenye tope. Nikamwita Tuntufye kwa jina. Nilisikia migomba inavunjika, anakimbia. Baadaye kidogo Lugano alikuja akanishika mkono, na sikumuuliza kibali.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili nililijua jana tu. Lugano anasema tangu mama yake afariki, kila nikitoka nyumbani Tuntufye hunifuata kwa nyuma, hatua ishirini, kimya, mpaka aone nimefika barabarani, ndipo anarudi kwenye kazi zake. Jua na mvua. Akiwa na mimba ya mtoto wao alinifuata, na alipojifungua alinifuata na mtoto mgongoni. Miaka mitatu nimejisifu kwako na kwa kila mtu kwamba natembea peke yangu, na zote zilikuwa safari za watu wawili, nyingine watatu. Nilikasirika sana. Kisha nikamfikiria mtoto yule mgongoni, jinsi alivyofundishwa kutolia, na hasira ikaisha. Lugano anasema hili nisiliandike. Ameliandika.

Shida iliyopo ni hii. Tuntufye amejifungia ndani tangu jana. Hali chakula. Anasema amesema na baba mkwe wake, tena kwa kupaza sauti, na ameuaibisha ukoo wetu na bibi yake aliyemlea. Amefunga nguo kwenye kanga, Jumamosi anarudi Makwale. Lugano amembembeleza, ameshindwa. Mimi siwezi kwenda mlangoni kwake, kwa sababu desturi inanifunga na mimi, na nikiivunja kwa upande wangu nitamwongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Kwa hiyo naomba uende wewe. Nenda leo, pita njia ya juu.

Kuhusu barua yangu: ombi (e) lifute. Ombi (f) lifute, na uchane kabisa kipande kile cha karatasi, nisije nikakisikia kinasomwa siku moja. Lalamiko la tano liondoe lote, isipokuwa kigoda. La pili libaki kama lilivyo, na kikohozi pia.

Jumapili msije kujadili kunihamisha. Wazee wetu walikuwa na njia ya kuifungua desturi hii pale inapolazimu: baba mkwe anatoa mtamba mbele ya ukoo, mkamwana anampokea, na kuanzia siku hiyo wanasemezana bila aibu ya mtu. Nina mtamba mmoja, mzuri, yuko kwa Lugano. Naomba muwe mashahidi. Elizabeth nimeshampigia simu nikamweleza yote, akauliza kama ukoo utahitaji mchele, na kiasi gani.

Bado sihami. Lakini nilikuwa nakuomba unipe nyumba isiyo na mtu, na hiyo siitaki. Nataka niishi mwenyewe kwangu, na Tuntufye aje mchana kweupe, aingie kwa mlango wa mbele, anigombeze nikikosea, na nikimuuliza kitu kiko wapi aniambie.

Ukifika kwake, mwambie sikukasirika. Mwambie zilikuwa zimebaki hatua tano. Na siku mtakapomaliza kujenga daraja jipya, taarifa usimpe Lugano wala usinipigie simu. Mpe Tuntufye, aje aniambie yeye.

Y. M.